Nani Mwenye Wimbo?

Vijana wa muziki wa Kalemie wana neno moja wanalolirudia siku hizi kama vile watu wanavyoitikia Misa: "Mimi ni mtu huru, sina kampuni." Mwenye gitaa husema hivyo, mwenye kinanda cha umeme husema hivyo, na hata yule ambaye studio yake ni kompyuta moja juu ya meza na magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kuzuia kelele za pikipiki. Upande wa pili wako wale wanaoitamani kampuni kama Waisraeli jangwani walivyovitamani vyungu vya nyama vya Misri. Hao wangoja tajiri wa Kinshasa au wa Dar es Salaam aje awachukue, awanunulie viatu na kuwapiga picha. Kundi la kwanza huwacheka wa pili, na wa pili huwaonea wa kwanza huruma.

Nimewasikiliza wote, na kwa maoni yangu mabishano yao yamewekwa mahali pasipo pake. Mtu akizifuata habari za muziki wa nchi yetu tangu mwanzo, aona jambo la kushangaza: yule aliyekuwa chini ya kampuni, mara apatapo uhuru wake, hujenga nyumba ya namna ile ile na kuwaingiza wenzake ndani yake. Basi kujua kama kijana ana kampuni au hana hakutuambii mengi. Tumwulize hivi: wimbo wako ukiisha kuimbwa, ni wa nani? Na jina la nani limeandikwa katika karatasi?

Tuanze Leopoldville, kwa maana huko ndiko mambo haya yalikoanza. Zamani za Wabelgiji, nyumba za santuri zilizoueneza muziki tunaouita rumba zilikuwa mikononi mwa wafanya biashara wageni, hasa Wagiriki. Nicolas Jéronimidis alianzisha Ngoma mwaka 1948. Ikafuata Opika ya ndugu Benatar, kisha mwaka 1950 Basile Papadimitriou akafungua Loningisa, na kabla ya miaka ile kumi kwisha ikazaliwa na Esengo. Mabwana hawa walikuwa watu wa duka kwanza, na muziki ulikuwa bidhaa moja kati ya nyingine. Lakini tusiwatukane bure. Mashine za kunasia sauti walizileta wao, vyombo walinunua wao, santuri walizipeleka Ulaya kupigwa chapa wao, na bila ya mashine zile sauti nyingi za baba zetu zingalikwisha pamoja na pombe ya jioni ile walipoimba. Santuri ya zamani ilichukua dakika 3 tu kila upande, au zaidi kidogo; nayo iliwafundisha wapigaji wetu kusema jambo upesi na kulisema vizuri. Wapigaji wa leo, ambao wimbo wao waweza kwenda dakika 15 bila ya kufika mahali, wangefaidika na kizuizi kile.

Wimbo mkubwa wa kwanza wa nyumba hizo ulikuwa "Marie-Louise" wa Wendo Kolosoy, fundi wa mitambo wa meli za mto, aliouimba pamoja na gitaa la Henri Bowane mwaka 1948. Wazee wasimulia kwamba watu walisadiki wimbo ule, ukipigwa usiku wa manane, waweza kuwaamsha wafu, na kwamba mapadri wa mji walikasirika hata Wendo akapata taabu na serikali. Mimi nawaheshimu mapadri wale. Lakini nikisoma habari hizo hujiuliza: tulihangaika sana na wafu, je, ni nani katika sisi aliyeuliza habari za walio hai? Santuri ile iliuzwa kila mahali palipokuwa na gramafoni. Mwimbaji wake alikuja kusahauliwa miaka mingi, hata alipokuwa mzee ndipo alipotafutwa tena na kurekodiwa, na filamu ikatengenezwa juu ya maisha yake mwaka 2007, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake.

Sasa tutazame mkataba mmoja. Mwaka 1953 kijana wa miaka 15, François Luambo Makiadi, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Franco, alitia sahihi yake katika karatasi za Loningisa kwa muda wa miaka 10. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake aliuza maandazi sokoni. Gitaa zuri lilikuwa la studio. Chumba cha kunasia sauti kilikuwa cha studio. Hata lile jina la Franco lilitoka kwa Bowane, ambaye siku zile alikuwa akiitafutia studio hiyo vijana wenye kipaji. Haya, kijana huyo angekataa nini, na kwa nguvu gani? Yakobo alipomtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, alikuwa mtu mzima, naye alijua vizuri alichokuwa akikitafuta. Hata hivyo asubuhi alikuta amepewa Lea.

Mtu atasema: "Lakini alikubali mwenyewe." Jibu hili hulisikia pia hapa kwetu, kinywani mwa kila mwenye studio anayelaumiwa. Wakristo Wakatoliki hawana ruhusa ya kulitumia ovyo. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliwafundisha matajiri wa viwanda jambo ambalo wengi wao hawakupenda kulisikia: mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mfanya kazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, kwa kuogopa baya zaidi, basi huyo ameonewa, hata kama ametia sahihi. Barua ile iliandikwa kwa ajili ya wachimba makaa na wafuma nguo wa Ulaya. Lakini somo lile lapiga moja kwa moja juu ya karatasi ya mwaka 1953.

Na msifikiri kwamba hayo yalikuwa mambo ya Leopoldville na Kilingala tu. Huku kwetu upande wa Katanga, mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey alikutana na kijana mpiga gitaa katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Tracey alinasa "Masanga," na santuri ikatolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini. Yeyote anayejifunza gitaa na ausikilize wimbo ule. Kidole gumba chashika sauti za chini, kidole cha shahada chajibu juu, na msikilizaji huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwenda aliimba Kiswahili chetu hiki, bila ya kukipamba, naye akasikika toka Lubumbashi hata Nairobi. Mwaka 1969 aliitwa mpaka Marekani, kwenye tamasha la Newport. Lakini yeye na ndugu yake Edouard Masengo, walipokwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, mkate waliupata kwa kazi gani? Kwa kuimba sifa za bidhaa: Masengo aliisifu Coca-Cola, Mwenda akazisifu dawa za Aspro. Wapigaji hodari kuliko wote wa sehemu zetu walilipwa kwa kuuza soda na vidonge vya kichwa. Msomaji na aliweke hili moyoni, maana tutalikuta tena.

Kampuni hiyo hiyo ya Gallo ndiyo iliyomnasa Solomon Linda, Mzulu, mwaka 1939 katika Johannesburg, kwa wimbo wake "Mbube." Linda alipewa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukavikwa maneno ya Kiingereza, ukaimbwa na watu wa kila rangi, ukaingia hata katika filamu ya watoto ya Disney yenye habari za simba. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walipata mapatano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya mwanasheria mmoja kukumbuka sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyosema kwamba haki za mtungaji hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Angalieni jambo hili. Hawakuokolewa na huruma ya matajiri, wala na kelele za magazeti peke yake, ijapokuwa magazeti yalisaidia. Waliokolewa na karatasi nyingine, iliyokuwa ya zamani kuliko ile yenye sahihi ya baba yao.

Turudi Leopoldville, kwa maana sasa twafika penye kiini cha habari. Mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati wakubwa wetu walipokuwa Brussels wakizungumza na Wabelgiji habari za uhuru, Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz walikuwa huko nao, wakaimba "Indépendance Cha Cha." Mwaka ule ule Kabasele akaanzisha nyumba yake mwenyewe ya santuri, Surboum African Jazz. Mwafrika wa Kongo kuwa mwenye nyumba ya santuri! Uhuru wa nchi na uhuru wa wimbo vilikwenda pamoja, kama ndugu wawili katika mtumbwi mmoja. Naye hakuwa mchoyo, maana hata OK Jazz ya Franco, washindani wake, aliwasaidia kwenda Ulaya mwaka 1961 kunasa nyimbo zao kwa jina la nyumba yake.

Lakini mwaka 1963 karibu wapigaji wote wa African Jazz walimwacha. Docteur Nico aliondoka na gitaa lake, Tabu Ley Rochereau akaondoka na sauti yake, wakaunda African Fiesta. Walilalamikia nini? Fedha. Maneno ambayo wazee wao waliwaambia Wagiriki, wao walimwambia mwenzao: wewe wapata, sisi twapiga.

Franco naye, alipokwisha kuwa mtu mkubwa, alianzisha nyumba zake za santuri, na Éditions Populaires ya mwaka 1968 ndiyo iliyojulikana sana. Wapigaji wa OK Jazz wakawa watu wa mshahara wake. Mmoja wao, Kiamuangana Mateta, mpiga saksafoni aitwaye Verckys, alianza kunasa nyimbo zake kando, kisha mwaka 1969 akatoka kabisa na kujenga Éditions Vévé. (Huyu ndiye mwenye wimbo "Nakomitunaka," ambao wazee wa parokia wanaukumbuka kwa sababu nyingine, habari zake tuziache leo.) Vijana wa Bella Bella, kisha wa Lipua Lipua, walikwenda kwake kwa kuwa alikuwa na vyombo. Vyombo vilikuwa vyake. Walipogombana naye, waliondoka mikono mitupu, wakaanza upya kwa jina jipya, na vyombo vikabaki kwa vijana wengine waliokuwa wakingoja mlangoni. Gitaa la Papadimitriou lilikuwa limepata mwenyewe mpya, basi. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa siasa ya Zaïre ya kuwapokonya wageni mali, Franco alikabidhiwa hata kiwanda cha kupigia santuri chapa, MAZADIS. Fikirini mwanamuziki mmoja kushika mashine ambayo washindani wake wote hawana budi kupitia kwake. Malaika angeshindwa kazi hiyo, na Franco, pamoja na kipaji chake chote, hakuwa malaika.

Nasema haya bila ya chuki. Franco ni hodari, na "Mario" wa mwaka 1985 una mafundisho ya kutosha mahubiri kadhaa juu ya kijana mvivu alishwaye na mwanamke. Hata hivyo ustadi wa fundi haumwondolei deni lake kwa wasaidizi wake.

Kama mtu aona kwamba haya ni ya zamani na ya Kinshasa, na atazame ng'ambo ya ziwa letu, ambako nyimbo nyingi za vijana wa Kalemie zatoka siku hizi. Diamond Platnumz, ambaye jamaa zake asili yao ni Kigoma, alianzisha kampuni ya WCB Wasafi katika Dar es Salaam. Jambo jema, kijana wa Kiafrika, mwenye kampuni yake, anawainua wenzake. Mmoja wa hao aliowainua, Harmonize, alitoka mwaka 2019, naye alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania ili aachiliwe pamoja na nyimbo zake. Watu wengi walimhurumia. Naye akajenga kampuni yake, Konde Music Worldwide, akachukua vijana, wa kwanza akiwa Ibraah. Mwaka 2025 Ibraah naye alisimama mbele ya watu na kulia kwamba atakiwa fedha nyingi mno ili atoke. Kabasele na Nico, Franco na Verckys, Diamond na Harmonize, Harmonize na Ibraah: majina yabadilika, lugha yabadilika, santuri yageuka kuwa simu, na maneno ya ugomvi ni yale yale.

Sasa, wasomaji wapendwa, kabla hatujawanyoshea kidole watu wa dansi na wa baa, hapana budi tutazame nyumbani mwetu wenyewe. Katika miaka ya 1950 huko Kamina, mji tuliounganishwa nao kwa reli ya Kabalo, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikusanya watoto wa shule na walimu wao, wakawa kwaya. Pamoja nao ilitokea Missa Luba, ambayo iliimbwa katika Misa huko Kamina mwezi Machi 1958, kisha ikapelekwa Ulaya mwaka ule ule na kunaswa na kampuni ya Philips. Maneno ni Kilatini cha Misa, lakini sauti ni za kwetu: Kyrie yatoka katika maombolezo ya Kiluba, Sanctus katika wimbo wa kuagana, Hosanna katika mchezo wa Kasai. Mwimbaji wa peke yake alikuwa mwalimu, Joachim Ngoi. Nimesikia Sanctus ile mara nyingi, nayo hunishika kila mara. Yaanza polepole kama watu wanaosita kuachana njiani, hata mtu asiyejua neno moja la Kilatini atambua kwamba wanaoimba wamesimama mbele ya mkubwa kuliko wao. Ilipofika Hosanna, mabwana wa Ulaya waliodhani kwamba ngoma haiwezi kusali walinyamaza. Hii ilikuwa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutufungulia mlango. Kamina walikuwa wametangulia kubisha hodi.

Wimbo ule ulizunguka ulimwengu, hata ukatiwa katika filamu ya Kiingereza, If...., ya mwaka 1968. Nao waliouimba wajulikana kwa jina gani? Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa mfalme wa Ubelgiji. Aliyeandikwa kuwa mpangaji ni Padri. Sauti zilikuwa za mababu wa Kiluba na za Kasai. Mapambo mengi yalibuniwa papo hapo na watoto na walimu, kwa maana kazi ile haikuandikwa kwanza kwa nota ndipo iimbwe. Simlaumu Padri Haazen, mtu aliyezipenda nyimbo zetu wakati wengine walizidharau, na bila ya kazi yake tusingekuwa na kitu cha kuzungumzia leo. Nailaumu karatasi ya kampuni, iliyokuwa na nafasi ya jina moja mahali palipohitaji majina 50. Lakini karatasi hiyo ilipita mikononi mwa Wakristo. Na hata leo, fungueni vitabu vya nyimbo vya parokia zetu, mhesabu ni nyimbo ngapi zenye jina la mtungaji. Sisi tunaofundisha amri ya saba tumezoea kusema kwamba wimbo wa Kanisa ni wa Mungu. Ni kweli, ni wa Mungu. Mkate wa altare nao ni wa Mungu, lakini masista walioupika tunawalipa ngano yao.

Basi, huyu kijana wetu wa Kalemie asiye na kampuni yuko huru kweli? Tutazame kazi yake. Analipa studio kwa fedha zake mwenyewe. Analipa mpiga picha. Akienda redioni mara nyingine hupeleka kitu mkononi ili wimbo upigwe. Wimbo ukipendwa, siku ya pili tayari uko katika vibanda vya sokoni, ambapo watu hutiliwa nyimbo katika simu kwa fedha kidogo, na katika fedha hizo yeye hapati hata senti. Akiuweka katika YouTube, huko nako kuna mlinzi mlangoni: ili apate fungu kamili la fedha za matangazo ya video zake ndefu, atakiwa awe na wafuasi 1000 na saa 4000 za kutazamwa katika mwaka mmoja. Ni nani hapa kwetu, penye umeme wa kubahatisha na megabaiti za bei, atakayezifikisha saa 4000? Mgiriki wa Leopoldville angalau alikuwa na duka, mtu aliweza kwenda asubuhi, akasimama mlangoni na kumwambia, "Bwana, fedha yangu iko wapi?" Kampuni ya siku hizi haina mlango. Kijana huyu hana bwana, ni kweli. Lakini asiye na bwana na asiye na mshahara pia, huyo tumwite nani?

Ndipo ugonjwa mwingine umeingia, nao wauharibu muziki wenyewe, si mfuko tu. Santuri na kanda zilipokwisha kuuzika, wakubwa wa Kinshasa walianza kuuza majina. Watu wa huko huita kutupa libanga: tajiri analipa, na jina lake latajwa ndani ya wimbo, pengine majina 20, pengine 50, mfanya biashara, kanali, mbunge, mke wa mbunge. Viwanda vya bia navyo, Bralima na Bracongo, vimekuwa vikiwabeba wanamuziki wakubwa kama farasi wa mashindano. Mnawakumbuka Masengo na Coca-Cola, Mwenda na Aspro? Lakini wao angalau waliimba tangazo mahali pa tangazo na wimbo mahali pa wimbo. Leo tangazo limeula wimbo. Mtu ausikiliza wimbo wa mapenzi, na mara mpenzi huyo apishwa njia na mwenye magari ya mizigo wa Matonge! Vijana wa hapa wameanza kuiga, wakiwataja wenye maduka na wenye boti. Mimi nasema wazi kwamba wimbo wa namna hiyo ni mbaya, hata ukipigwa kwa ustadi, kwa sababu mwimbaji haelekezi tena sauti yake kwa msikilizaji. Aielekeza kwa mfuko mmoja uliokaa mbele.

Serikali haikukosa kutunga sheria. Nchi yetu iko katika mapatano ya Berne tangu mwaka 1963, na amri ya tarehe 5 Aprili 1986 yalinda kazi ya mtungaji muda wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba warithi wa Kabasele, aliyekufa mwaka 1983, wana haki mpaka mwaka 2033, na wale wa Franco, aliyekufa mwaka 1989, mpaka mwaka 2039. Kuna na chama cha kukusanya fedha hizo: SONECA ya mwaka 1969, kisha SOCODA tangu mwaka 2011. Malalamiko ya wanamuziki juu ya vyama hivyo yangejaza gazeti hili lote. Lakini hata chama safi kama maji ya chemchemi hakiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na hapo ndipo vijana wetu wanapojiangusha wenyewe. Watu 6 huingia studio, mmoja aleta maneno, mwingine sauti, wa tatu abuni lile gitaa ambalo kila mtu atalikumbuka. Wanatoka na sauti moja katika simu ya mmoja wao, wala hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Mwezi wa pili wimbo umependwa. Mwezi wa tatu hawaamkiani.

Kampuni njema yaweza kuwako, na mtu huru mwonevu yuko pia. Nimetaja majina ya kutosha. Kwa hiyo kijana akijiwa na mwenye kampuni, asikimbie, wala asiruke kwa furaha. Aulize mambo haya na adai yaandikwe kwa lugha anayoisoma: mkataba ni wa muda gani, maana miaka 10 katika maisha ya kijana ni ujana wote, sauti iliyonaswa itakuwa mali ya nani muda huo ukiisha, nani atashika ufunguo wa ukurasa wa intaneti, kutoka kuna bei gani, na bei hiyo itajwe siku ya kuingia. Akiwa hajafikia umri wa mtu mzima, mzazi wake au mlezi awepo. Na yule mwenye vyombo, kijana mwenzao, anayewaita wenzake "wapigaji wangu," na aulizwe maneno yale yale bila kuonewa haya.

Kwa upande wa kwaya zetu, ambazo nyingi sasa zaingia studio kunasa nyimbo za Pasaka na za Noeli, sihitaji kungoja SOCODA wala Kinshasa. Siku ya kunasa, katibu wa kwaya aandike ukurasa mmoja: jina la wimbo, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti au ilitoka katika wimbo gani wa zamani na wa kabila gani, waimbaji wa peke yao, wapiga ngoma, fundi wa studio na fedha aliyolipwa, nani ataweka wimbo katika YouTube, na fedha zikija zitagawanywa namna gani. Wote watie sahihi, na asiyejua kuandika aweke alama ya kidole mbele ya mashahidi 2. Nakala moja abaki nayo mwenye studio, ya pili itiwe katika sanduku la kwaya, na ya tatu ipelekwe ofisini kwa Padri paroko, iwekwe katika kabati lile lenye madaftari ya ubatizo.